Itatoka Leo

Kwa miaka sita nilikuwa mtu pekee ofisini kwetu aliyekuwa akisema "haitatoka." Ofisi yenyewe ni ya uwakala wa forodha, Busia upande wa Uganda: chumba kimoja chenye madirisha mawili, moja linatazama yadi ya magari na jingine linatazama ukuta wa jirani. Dereva au mwenye mzigo huleta karatasi zake kwenye lile la yadi, sisi tunazipanga na kuzipeleka kwa maofisa wa mpakani. Zikikubaliwa, gari linafunguliwa geti. Zisipokubaliwa, gari linakaa. Kazi yenyewe ni hiyo tu, ukiondoa kelele.

Dirishani pale kuna swali moja tangu asubuhi hadi jioni: "Itatoka leo?" Wenzangu wawili, wote wanaume, walikuwa wakijibu "itatoka," na mmoja wao alizoea kuongeza "Mungu akipenda," nadhani ili lawama ikija igawanywe. Mimi nilisoma karatasi, nikiona kasoro nasema, "Haitatoka leo," kisha naisukuma karatasi nje na kurudi kwenye chai yangu. Nilijiona mkweli. Niliamini kwamba ukimpa mtu ukweli mkononi, kazi yako na yeye imekwisha.

Watu wa mpakani hawalipendi neno hilo. Kwao baya halitamkwi, maana ukilitamka umeliita. Ni uchuro. Dereva anaweza kulala chini ya lori lake siku ya tatu, mkeka umeshalika pembeni, na ukimwuliza atakuambia mambo yamekaribia. Mwenzake anayeota moto kando atasema ngoja ngoja huumiza matumbo, wote watacheka, na hakuna atakayesema kwamba gari halitoki. Dereva mmoja wa makamo kutoka Tororo, aliyefanya kazi na marehemu baba yangu, alikataa kabisa nipokee bahasha yake.

"Wewe mtoto ya rafiki yangu, mimi napenda wewe," aliniambia. "Lakini mdomo yako nafunga gari. Wacha huyu mwingine nashika."

Huyu mwingine akashika. Gari lilikaa siku nne, na lawama nikapewa mimi, kwa sababu eti nilikuwa nimeitupia jicho ile bahasha.

Sikuonyesha kwamba yaliniuma, lakini yaliniuma. Nimezaliwa Tororo, katika nyumba ya wasafirishaji, Waislamu wa mjini ambao ukiwauliza kabila watakutajia matatu na ugomvi juu. Kiswahili ndiyo lugha tuliyogombana kwayo jikoni. Baba yangu alikuwa mtu wa kuonja pilau ya arusi na kutangaza mbele ya wakwe kwamba chumvi imezidi. Alikuwa akisema kweli, chumvi ilikuwa imezidi, na tulialikwa mara chache. Nilirithi ulimi wake, na kwa muda mrefu nilijivunia urithi huo.

Kisha bosi wetu akarudi kutoka Kampala na imani mpya. Alituita sote watatu akasema wateja wanakimbilia ofisi ya jirani kwa kuwa hapa kwetu wanavunjwa moyo. "Mnawavunja moyo," alisema kwa wingi, macho yake yakiwa kwangu peke yangu. Jumamosi iliyofuata alitupakia kwenye gari lake akatupeleka Tororo, kwenye ukumbi wa hoteli ambako viti vilikuwa vimeshafutwa vumbi la saruji la kiwanda cha mji ule na kupata jingine. Huko tulifundishwa, pamoja na watu wa ofisi nyingine, kuwa na mtazamo mzuri kazini.

Mkufunzi alikuwa bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa na sauti ya mtu aliyelala vizuri. Alisema matatizo mengi ya kazi yanaanzia mdomoni. Akatugawia vipande vya karatasi, kila mtu aandike neno baya analolitumia sana, kisha aje mbele alitupe kwenye ndoo. Mwenzangu aliandika "siwezi." Mimi niliandika "haitatoka," nikaenda nikalitupa, wakanipigia makofi. Alitufundisha kutabasamu kabla ya kuinua simu, kwa kuwa tabasamu husikika. Alisema mteja hanunui huduma, ananunua matumaini.

Nilikaa nikimsikiliza huku nikitafuna sambusa, na nikaona kwamba anatuuzia kile kile ambacho madereva wa Busia wanacho bure. Wao husema usitamke baya lisije likatokea. Yeye alisema tamka zuri litokee. Tofauti ilikuwa ukumbi na chai. Sikusema hivyo kwa sauti, na hiyo kwangu ilikuwa dalili ya kwanza kwamba mafunzo yananiingia.

Njiani kurudi, bosi alituambia kwamba mwisho wa mwezi ataangalia nani abaki dirishani na nani waagane naye. Hili halikuhitaji tafsiri. Mama yangu, pale Tororo, alikuwa na goti baya na mtoto mmoja tu mwenye kazi.

Nilianza mazoezi kwake kesho yake, Jumapili, nilipokwenda kumsalimia kutoka Busia, ambako nimepanga chumba. Nilimkuta akihangaika kusimama kutoka kwenye kigoda. Nikatabasamu kama nilivyofundishwa, nikamwambia goti lake linaendelea vizuri na wiki ijayo atakuwa anatembea hadi sokoni.

"Umekunywa nini?" akauliza mama.

Dirishani, hata hivyo, dawa ilifanya kazi. Bosi alitununulia vioo vidogo, kila mtu na chake mezani, tujione tunavyotabasamu. Cha kwangu kilitumiwa zaidi na madereva kukagua ndevu. Nilijibu kila swali kwa neno moja: "Itatoka." Mtu akisisitiza, naongeza: "Leo leo." Nyuso zililegea. Mtu aliyekuja amekunja ndita aliondoka akipiga mluzi. Dereva mmoja aliniletea nanasi. Yule wa makamo kutoka Tororo, aliyesema mdomo wangu unafunga magari, siku ya nne aliweka bahasha yake mwenyewe mbele yangu na kuigonga mara mbili kwa kidole, kama mtu anayekubali suluhu.

Nakiri kwamba nilipenda. Nilikuwa sijui jinsi ilivyo rahisi kupendwa. Kwa miaka sita nilikuwa nikipambana na kila mtu aliyesimama mbele yangu, na kumbe kulikuwa na neno moja tu la kusema. Uongo wenyewe haukuonekana kama uongo. Magari mengi yalitoka siku hiyo hiyo au ya pili yake, na aliyetoka ya pili hakukumbuka kwamba nilimwahidi ya kwanza. Yalibeba sabuni, mabati, nguo, viti vya plastiki. Vitu hivyo havina haraka. Saruji inaweza kukaa yadini siku tatu na isimdai mtu chochote.

Kisha, Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, akaja mama wa vifaranga.

Alikuwa Mkenya wa umri wa miaka hamsini na kitu, mkubwa wa mwili, mtulivu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Nilimjua kwa sura: alivuka mara kwa mara na mizigo midogo midogo. Safari hii alikuja na pikapu yenye turubai, na nyuma yake maboksi kumi na mawili yenye matundu pembeni, kila boksi vifaranga mia moja. Walikuwa wameanguliwa jana yake. Yaliyomo kwenye maboksi kumi yalikuwa yakisubiriwa na wafugaji wa Tororo. Mawili ya ziada yaliombwa dakika za mwisho na kina mama wa kanisa moja huko Masafu, upande wetu wa Uganda, naye hakutaka kuwanyima. Wote walikuwa wameshampa pesa zao.

"Habari ya asubuhi, dada," alisema. "Mimi barabara siogopi. Gari ikitembea, hawa watoto wanapata hewa. Ikisimama kwa jua ndiyo shida, wanaanza kufa wale wa katikati. Kwa hivyo niambie tu ukweli. Itatoka ama nitafute njia ingine mapema?"

Alikuwa bado anaongea nilipoona kasoro. Cheti cha daktari wa mifugo kilisema maboksi kumi. Karatasi ya mzigo ilisema kumi na mawili. Cheti kilipigwa mhuri kabla ya kina mama wa Masafu kuomba yao, na yeye hakuona kwamba maboksi mawili ni jambo la kumrudisha mtu kwa daktari. Mpakani ni jambo. Idadi zisipolingana hakipiti chochote, na daktari aliyeweka sahihi alikuwa mji mwingine, mwendo wa saa nyingi. Gari lile halingetoka siku hiyo. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu akitafuta faili. Kioo kilikuwa mbele yangu. Yule mama alikuwa akiningoja kwa uso wa mtu aliyezoea kuambiwa mambo.

"Itatoka, mama," nikasema. "Ondoa wasiwasi."

Bosi akanigusa bega, akaondoka na faili lake.

Nilizituma karatasi kama zilivyo. Nilijiambia labda ofisa hatahesabu. Sijawahi kumwona ofisa wa mpakani asiyehesabu, lakini siku hizo nilikuwa mtu wa matumaini. Saa tano karatasi zikarudi na alama nyekundu penye ile idadi. Nikaziweka chini ya nyingine.

Saa sita mama alirudi dirishani akijipepea kwa gazeti. Alikuwa amesogeza gari penye kivuli cha lori, akafungua turubai pande zote mbili, akawanyunyizia maji sakafuni. Akaniuliza tumefika wapi.

"Hatua ya mwisho," nikamwambia, na nikatabasamu, na tabasamu lilikuwa zuri, nililiona mwenyewe.

"Asante, mwanangu. Unanitia moyo."

Saa nane alirudi tena. Lori lililompa kivuli lilikuwa limeondoka. Alisema wale wa katikati wamefungua midomo na kutanua mabawa, wanahema. Sasa alikuwa ananiangalia kwa makini zaidi, na mimi nikawa naangalia karatasi kwa makini zaidi. Nikasema bado kidogo tu. Naikumbuka hiyo "tu." Ningeweza kumwambia wakati ule, angalau wengi zaidi wangebaki hai. Lakini kumwambia saa nane kulimaanisha kukiri la saa tatu, la saa tano na la saa sita, na nilikuwa nimeshajenga nyumba nzima juu ya neno lile la kwanza.

Mara ya nne alikuja saa kumi, hakuja mikono mitupu. Alikuwa amebeba boksi moja. Akaliweka kwenye kizingiti cha dirisha, mahali ambapo watu huweka bahasha, akalifunua. Ndani yake walikuwa wamelaliana, wa manjano, wengi wakiwa wameshakufa, manyoya yamekauka kidogo kama pamba iliyoloa ikaanikwa. Watatu au wanne walikuwa bado wanainua vichwa. Nilisikia mwenzangu nyuma yangu akiweka simu chini.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga, kelele nilizizoea.

"Wewe ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nikikuuliza?"

"Ulipokuwa unaniuliza."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei na kuikubali. Akaanza kuwatoa walio hai mmoja mmoja na kuwaweka kwenye mtandio wake aliouvua mabegani. Alipomaliza akaniuliza kwa sauti ile ile ya asubuhi, "Sasa niambie. Itatoka?"

"Haitatoka leo, mama."

Nililisema neno langu la zamani, lile nililolitupa kwenye ndoo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kinachofuata. Kwa miaka sita, baada ya kusema "haitatoka," nilikuwa nikirudi kwenye chai. Kilichompata mtu baada ya kugeuza kisogo hakikuwa kazi yangu. Sasa kulikuwa na boksi dirishani na mwanamke aliyekuwa haondoki, maana hakuwa na pa kwenda bila mimi. Nikasimama. Nikatoka nje. Ilikuwa mara yangu ya kwanza baada ya miezi mingi kuingia yadini jua likiwa linawaka.

Nikamwuliza kama ana mtu anayefuga kuku karibu, upande wa kwao. Alikuwa naye, mwanamke wa kanisani kwake, mwenye chumba cha kulelea vifaranga, na nyumba yake haikuwa mbali na geti la Kenya. Basi, gari lirudi. Nikaenda mwenyewe kwa ofisa wa zamu, nikamweleza kosa lilipo na lilikuwa la nani, nikaomba pikapu igeuze na kurudi ilikotoka. Alisoma, akagonga mhuri.

"Si mngesema asubuhi?" akauliza. Hakuwa akinisuta, alikuwa anauliza tu.

Ilichukua robo saa. Nimeshaihesabu robo saa hiyo mara nyingi. Ilikuwepo tangu saa tatu. Na kama ningetumia akili badala ya mdomo, kulikuwa na jambo bora zaidi: maboksi mawili ya Masafu yangeshushwa upande wa Kenya kabla ya saa nne, sisi tungesahihisha karatasi zetu zisome kumi, na yale kumi yangefika Tororo kwa chakula cha mchana. Saa kumi ilikuwa kuchelewa kwa hilo. Maboksi manne ya katikati yalikuwa yamekwisha, na katika yale ya pembeni walikuwepo waliolala ambao hawangeamka.

Nilitembea kando ya pikapu hadi getini, nikiwapepea kwa jalada la faili. Mama alikuwa ameketi mbele, mtandio magotini. Hakunishukuru wala hakunitukana. Alipofika getini alimwambia dereva wake apite polepole kwenye matuta, wakaenda.

Niliona aibu. Naisema hivyo kwa kuwa sina jina jingine la kuipa, na kwa kuwa nimezoea kuzungukia neno hilo. Haikuwa huruma ya vifaranga, ingawa nayo ilikuwepo. Ilikuwa aibu ya kumkumbuka mtu akiniambia waziwazi, "niambie tu ukweli," nami nikamchagulia kingine kwa sababu kilinipendeza mimi kukitoa.

Jumamosi nilimsimulia mama yangu. Alisikiliza akijisugua goti.

"Njia ya mwongo fupi," alisema. "Yako imeanza saa tatu, imekwisha saa kumi. Haikufika hata magharibi." Kisha akaacha mzaha. "Huyo mama umempigia simu?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Namba yake ilikuwa kwenye faili. Nilijua kwamba siku ya pili cheti kilisahihishwa, na Jumamosi ile ile asubuhi waliobaki walivuka mikononi mwa mwenzangu, kwa kuwa siku hiyo haikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimeshukuru sana kwamba haikuwa zamu yangu.

Kilichobadilika kazini kwangu baada ya hapo ni kidogo na hakingeweza kufundishwa ukumbini. Nilirudia kusema "haitatoka," ila sasa naongeza "hivi." Haitatoka hivi. Kisha nauliza umebeba nini, na je, kinaweza kungoja? Kisha natoka nje. Kutoka nje ndiko kugumu, hasa mvua ikinyesha. Nimekuja kuona kwamba yule mkweli wa miaka sita na yule mchangamfu wa wiki tatu walikuwa mtu mmoja: wote wawili walikuwa wanatafuta njia ya haraka ya kumwondoa mtu dirishani. Mmoja alimfukuza, mwingine akamlaza usingizi. Siku hizi huwa sitabasamu sana, lakini nimeacha kuiona foleni kama watu waliokuja kunichokoza, na siku zinakwenda upesi zaidi kuliko zamani. Dereva wa makamo kutoka Tororo amerudisha bahasha yake kwa mwenzangu. Anasema nimeanza tena.

Mwisho wa mwezi bosi aliitisha kikao. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, yeye akiwa ameshika kisanduku cha mbao ambacho kilitundikwa mlangoni baada ya mafunzo ili wateja watie maoni. Sikuwahi kumwona mtu akitia chochote humo zaidi ya ganda la peremende. Akakifungua mbele yetu. Kulikuwa na maganda, na karatasi moja.

Akaisoma kimya, uso wake ukafunguka. Akasema swali la nani abaki dirishani limejijibu, kisha akaisoma kwa sauti. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili kizuri cha shule, herufi zimelala upande mmoja. Juu yake palikuwa na tarehe, ile Alhamisi, na saa: saa sita na robo.

"Dada wa dirishani ni mtu wa ukweli. Nimekuja na wasiwasi akanituliza. Ofisi zote zingekuwa na mtu kama huyu, sisi wenye mizigo hatungeteseka. Mungu ambariki."

Wenzangu walipiga makofi, mmoja kwa nguvu, na yule aliyekuwepo siku ile ya boksi kwa vidole. Bosi akaniambia nisimame. Nikasimama, nikawaeleza, tangu saa tatu hadi saa kumi, bila kuruka saa tano. Sikulia, nilisoma matukio kama ninavyosoma karatasi za mtu. Bosi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaikunja ile karatasi mara mbili, akafikiri aiweke wapi, akanipa mimi. Akauliza kama kuna jambo jingine. Dirisha sikunyang'anywa, na sijui hadi leo kama ni kwa sababu ya karatasi ile au ya maelezo yangu.

Baada ya kikao nilikwenda nyuma ya ofisi, kwenye ule ukuta wa jirani, nikampigia simu. Nilijitambulisha: mimi ni yule wa dirishani, wa Alhamisi. Akasema sauti ameijua. Nikamwambia naomba radhi, kwamba nilipaswa kumpigia siku ile ile na nikaogopa. Nikamwambia kuna karatasi yake imesomwa leo mbele ya watu, nami nimewaambia kwamba haistahili.

Nyuma yake nilisikia kuku, kisha mtu akiita, kisha mlango.

"Niliandika nikiwa na furaha," alisema hatimaye. "Nilikuwa nimekaa kwa kivuli."

Nikasema najua.

"Wale kina mama wa Masafu bado wananidai watoto wao, mmoja mmoja," akasema. "Kesho nachukua wengine. Daktari ameshaniandikia. Utakuwa kwa dirisha?"

"Nitakuwepo."

"Basi mimi sitaki kuja kukuuliza huko."

Sikumwelewa mara moja, kisha nikamwelewa. Nikamwomba kama cheti kipo karibu anisomee sasa hivi, pale pale kwenye simu, tarehe, idadi, kila kitu, boksi kwa boksi, kabla gari halijawashwa. Nikatoa kalamu, nikaigeuza karatasi yake nipate pa kuandikia.

Akasema ningoje kidogo, anakwenda kutafuta miwani.